MAISHA YA MAREHEMU PROFESA WANGARI MAATHAI, MAMA ALIYEPELEKA HESABU ZA MITI UMOJA WA MATAIFA

Kamati ya kijitabu hiki ilikubaliana kwamba pamoja na picha zetu na hesabu za miaka kumi, uwepo pia ukurasa wa maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ili watoto wetu wakikisoma wapate na elimu. Wengine walimtaka Bibi Titi Mohamed, na hawakukosea, maana bila Bibi Titi akina mama wa nchi hii tungechelewa sana kupanda majukwaani. Lakini kura zilipohesabiwa alipita Profesa Wangari Muta Maathai wa Kenya. Kazi ya kuandika nimepewa mimi. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea kwenye mkutano.

Kilichowafanya wengi wampigie kura ni jambo lililoulizwa na mwanachama mmoja siku tunagawana hisa. Alisema kila mwisho wa mwaka redio inatangaza kwamba mataifa yote yamekutana mji fulani wa mbali kujadili tabianchi, wanabishana wiki mbili, halafu wanarudi makwao. Huku kwetu mvua inakuja ikijisikia, mto Songwe unahama njia na kula mashamba ya watu, leo upande wetu, kesho upande wa Malawi. Akauliza, kwenye hiyo mikutano nani anasema kwa ajili ya mtu anayebeba kuni kichwani? Hakuna aliyejibu siku ile. Maisha ya Mama Wangari ndiyo jibu ninaloweza kutoa, ingawa si jibu la kufurahisha mwanzo hadi mwisho.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, kwenye miteremko ya milima ya Aberdare. Nchi yenyewe, kwa jinsi inavyoelezwa, haina tofauti kubwa na huku kwetu Ileje: milima, ukungu wa asubuhi, udongo mzuri na vijito kila bonde. Wazazi wake walikuwa wakulima, na baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mzungu upande wa Nakuru. Karibu na nyumbani kwao ulikuwepo mti mkubwa wa mugumo, ambao ni jamii ya mkuyu, na chini yake palitoka chemchemi. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule kwa sababu Wakikuyu waliuheshimu kama mti wa Mungu. Mtoto Wangari alikuwa anacheza kwenye kile kijito na kushika viluwiluwi. Baadaye sana, alipokwisha soma nchi za nje na kurudi, alikuta mugumo umekatwa na chemchemi imekauka. Wazee wetu nao walikuwa na miti isiyoguswa, na watu wa dini na watu wa shule wakawacheka. Ule mwiko ulikuwa na kazi yake.

Shule alianza akiwa na miaka minane hivi, kwa sababu kaka yake alimuuliza mama kwa nini Wangari hasomi, na mama akaona hakuna sababu. Jambo dogo namna hiyo ndilo lililobadili maisha yake. Baadaye alisoma kwa masista wa Kikatoliki hapo Nyeri, kisha sekondari ya Loreto, Limuru, akamaliza mwaka 1959. Mwaka 1960 alikuwa katika kundi la vijana wa Kenya waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani. Kule alichukua digrii ya biolojia mwaka 1964 katika chuo cha masista kwenye jimbo la Kansas, na ya pili mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Akarudi nyumbani akiwa na barua ya kazi mkononi, akakuta kazi ile ameshapewa mwingine. Akahangaika mpaka akapata nafasi kwa profesa mmoja Mjerumani wa udaktari wa mifugo. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati. Alikuwa ameolewa mwaka 1969, na akazaa watoto watatu.

Sasa hapa ndipo habari yetu inapoanzia. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 1972 kuanzisha shirika lake la mazingira, UNEP, na makao yake yakawekwa Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa kuwekwa katika nchi changa kama zetu. Vyama vya kiraia vya nchi mbalimbali vikaona vitabaki nje ya mlango, vikafungua ofisi ya kuunganisha vyama hivyo na UNEP hapo hapo Nairobi. Wangari akaingia kwenye bodi yake na baadaye akaiongoza. Wakati huo huo alikuwa katika Baraza la Wanawake la Kenya. Kwa hiyo mchana mmoja anakaa na wataalamu wa dunia wanaongea jangwa na misitu, siku inayofuata anakaa na akina mama wa vijijini wanaosema kuni zimekwenda mbali, maji ni machafu, watoto wanakula chakula cha haraka haraka kwa sababu hakuna kuni za kupikia maharage. Yeye akaona wanaongea kitu kimoja. Wale wataalamu walikuwa hawajui, na wale akina mama nao walikuwa hawajui.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, waliandamana kutoka katikati ya Nairobi hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya kiongozi wa zamani wa makabila ya Kenya. Huo ndio mwanzo wa chama cha Green Belt, yaani ukanda wa kijani. Si miti yote saba iliyopona. Nawaambieni hili kwa sababu wengi mnavunjika moyo miche mitatu ikikauka.

Wangari alikwenda kwa mkuu wa misitu akamwambia anataka kupanda miti milioni 15, mmoja kwa kila Mkenya wa wakati ule. Yule bwana alicheka, akaahidi kumpa miche yote bure. Haukupita muda mrefu akamwita, akamwambia ahadi ile hawezi tena, akina mama wanachukua miche mingi kupita kiasi. Basi wakaamua kuotesha wenyewe. Wakaletewa maofisa wa misitu wa kuwafundisha, nao wakafundisha kwa maneno magumu ya kitaalamu mpaka akina mama wakachoka. Mwisho wakafanya kama wanavyofanya kwenye maharage na mahindi: wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakaotesha kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu ili kuku wasifikie. Wakaitwa mabwana misitu wasio na diploma, na wenyewe wakajivunia jina hilo.

Malipo yalikuwa senti nne hivi za dola kwa mche, na mche ulihesabiwa baada ya kuota mahali ulipopandwa na kuishi. Mama hakulipwa kwa kupanda, alilipwa kwa mti uliopona. Kulikuwa na utaratibu wa hatua kumi: kuunda kikundi, kujiandikisha, kuandaa kitalu, kutoa taarifa, kukaguliwa, na kadhalika mpaka malipo. Kila kikundi kilikuwa na fomu zake, na zile fomu zilipanda mpaka Nairobi. Mhazini wetu akisoma hapa atafurahi, maana ninyi mnaolalamika kwamba anawasumbua na sahihi, mjue hata Mama Wangari alikuwa hivyo. Ndiyo maana baadaye aliposimama mbele ya mataifa na kusema akina mama wamepanda miti mamilioni, hapakuwa na mtu wa kumwambia anatunga. Fedha zilitoka kwa chama cha misitu cha Norway na mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa. Walitoa fedha kwa sababu waliona vitabu.

Mambo ya nyumbani hayakwenda vizuri. Ndoa ilivunjika, kesi ya talaka ikasikilizwa hadharani mwaka 1979, na alipomkosoa hakimu akatiwa jela siku chache. Mume akamtaka aache kutumia jina lake. Yeye akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai, akaendelea nalo. Kwa hilo tu mimi ningempigia kura.

Mwaka 1985 mkutano wa tatu wa wanawake wa dunia ulifanyika Nairobi, na wajumbe wengi wakapelekwa kuona vitalu. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa UNEP, ukaanzishwa mtandao wa Afrika nzima wa kufundishana kazi ile. Watu wa nchi nyingine wakaja Kenya kujifunza, na kazi ya namna hiyo ikaanzishwa Tanzania na Malawi pia, pamoja na Uganda, Lesotho, Ethiopia na Zimbabwe.

Kuhusu Uhuru Park nitasema kwa kifupi, maana wengi wanaijua. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 katikati ya bustani ile ya wananchi wa Nairobi. Wangari akaandika barua. Akaiandikia serikali, wapi. Akaandika kwa UNEP, kwa balozi wa Uingereza, kwa wakubwa wa nchi zilizotegemewa kutoa mkopo. Wabunge walimcheka bungeni na kuitaja talaka yake, chama chake kikafukuzwa kwenye ofisi, akahamishia kazi nyumbani kwake. Lakini wenye fedha wakasita, na mwaka 1990 mradi ukafa. Tangu hapo alijua kwamba serikali inayokataa kumsikia mwananchi wake inaweza kumsikia anayeikopesha. Ni ujuzi wa uchungu huo, na haufurahishi, lakini alikwenda nao mpaka kwenye mikutano ya dunia.

Mwezi Novemba 1991 akina mama zaidi ya elfu moja kutoka nchi 83 walikutana Miami, Marekani. Waliitisha mkutano ule ni shirika la wanawake lililoitwa WEDO, na Wangari alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Lengo lilikuwa kuandika madai yao mapema, kabla ya mkutano mkubwa wa mazingira uliopangwa kufanyika Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1992. Hawakungoja kufika Rio ndipo waanze kulia. Walifika na karatasi yenye maneno tayari, wakawapa wajumbe wa serikali maneno ya kuingiza. Mpango wa kazi uliopitishwa Rio ukawa na sura nzima ya wanawake, na sura nyingine ya vyama visivyo vya kiserikali.

Yeye mwenyewe nusura asifike. Mwaka ule ule wa 1992, kuanzia mwezi Februari, alikuwa na akina mama waliogoma kula kwenye kona ya Uhuru Park wakidai watoto wao waliofungwa kwa ajili ya siasa. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia, Wangari akapigwa mpaka akapoteza fahamu, akalazwa hospitali. Miezi mitatu baadaye yuko Rio. Rais wa Kenya naye yuko Rio. Ujumbe wa serikali ulitaka mama huyu asipewe nafasi ya kusema. Vyama vya kiraia vikamchagua yeye kuwa msemaji wao mkuu, akapanda jukwaani akasema. Huwa najaribu kuipiga picha siku ile akilini. Rais ana gari na bendera, mama ana kichwa kilichopona juzi, na wote wawili wako mbele ya mataifa yale yale.

Rio ilikuwa na serikali 172. Wawakilishi wa vyama visivyo vya kiserikali walioruhusiwa ndani ya mkutano walikuwa 2,400 hivi, na watu wengine 17,000 walikusanyika kwenye mkutano wao wa pembeni, mbali na ule wa serikali. Hapo ndipo ulipotiwa sahihi mkataba wa mabadiliko ya tabianchi, ambao Tanzania iliuidhinisha mwaka 1996. Na sasa jambo la kustaajabisha: mkataba ule hauna neno mwanamke hata mahali pamoja. Sura nzima wameipata kwenye mpango wa kazi, ambao si sheria, lakini kwenye mkataba wenyewe hamna kitu. Msomaji asiniulize kwa nini. Nadhani wenye kuandika waliona hewa haina mke wala mume.

Hapa niseme kidogo mikutano hiyo inavyokwenda, kwa sababu wengi tunadhani wanapiga kura. Hawapigi. Kila neno linapita kwa maafikiano ya wote, na neno linalobishaniwa linawekwa ndani ya mabano mpaka likubaliwe au litupwe. Mtakumbuka tulivyoandika katiba yetu, tulivyokaa jioni tatu juu ya faini ya kuchelewa. Sasa fikirini nchi karibu mia mbili, na faini yenyewe ni nani apunguze moshi na nani alipe. Nchi tajiri inakuja na wajumbe wengi, na mawakili. Nchi maskini inakuja na watu wachache, na vikao vinafanyika vyumba vingi kwa wakati mmoja. Chama kisicho cha kiserikali hakina sauti ya mwisho. Ni kama mgeni mwalikwa kwenye kikao cha hisa: anakaa nyuma, akiruhusiwa anasema dakika chache, mambo yakiwa makali anatolewa nje.

Lakini mgeni huyo anaweza kusoma nyaraka ambazo mjumbe mchovu hajasoma. Anaweza kumwandikia mjumbe wa nchi ndogo maneno mazuri ya kusema. Vyama vingi vimeungana tangu mwaka 1989 katika mtandao mmoja wa tabianchi. Wana gazeti lao dogo linalosomwa kwenye mikutano yenyewe, linasema jana nani alizuia nini. Tangu mwaka 1999 wamekuwa na tuzo ya kejeli wanayoipa nchi iliyokwamisha mambo siku hiyo. Wakubwa hawapendi kuchekwa. Hiyo ndiyo silaha: kujua, kuandika, kuaibisha, na kuwa na watu nyuma yako. Hapa kwenye watu ndipo wengi wanapokwama, maana wapo wanaokwenda kusema kwa niaba ya maskini na hawana maskini hata mmoja aliyewatuma. Mama Wangari alikuwa na daftari.

Nyumbani Kenya vita viliendelea. Msitu wa Karura, pembeni mwa Nairobi, uligawiwa kwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda miti, vijana waliokodiwa wakawashambulia, akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Msitu ule uko mpaka leo, watu wanatembea humo. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu kwa kura asilimia 98, na Januari 2003 akawa naibu waziri wa mazingira mpaka mwaka 2005.

Tarehe 8 Oktoba 2004 alipigiwa simu akiwa njiani kwenda jimboni kwake, akaambiwa amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ni mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alishuka hapo Nyeri kwenye hoteli moja na kupanda mti siku hiyo hiyo. Watu wengine waliuliza miti na amani vinahusiana wapi. Mtu aliyeona wakulima na wafugaji wakigombania maji hawezi kuuliza hivyo.

Baada ya tuzo milango iliyokuwa inafunguka nusu ikafunguka yote. Februari 2005 itifaki ya Kyoto, ile iliyozitaka nchi tajiri zipunguze gesi zinazoipasha dunia joto, ilianza kufanya kazi, na yeye alialikwa Kyoto, Japani, kuhutubia siku hiyo. Mwaka huo huo nchi za Bonde la Kongo zikamfanya balozi wa msitu wao, na mwaka 2008 akawa mwenyekiti mwenza wa mfuko wa msitu huo uliofadhiliwa na Uingereza na Norway. Alikuwa na hoja moja aliyoishikilia: mti unaokunywa hewa chafu uingie kwenye hesabu za mikataba, na anayeutunza alipwe. Kyoto ililipa kwa kupanda miti mipya katika nchi zetu, lakini haikulipa kwa kuacha msitu uliokuwepo usikatwe. Yaani mtu akifyeka hapati adhabu, na aliyelinda msitu wa babu yake hapati kitu. Kwa muda mrefu vyama na nchi zenye misitu zilipiga kelele juu ya hilo, mpaka mkutano wa Bali mwaka 2007 ukakubali kulijadili.

Novemba 2006 mkutano wa tabianchi ukaja Nairobi, mara ya kwanza kufanyika Afrika kusini mwa Sahara. Hapo Wangari na UNEP walizindua kampeni ya kupanda miti bilioni moja kwa mwaka. Ilipitwa kabla miaka miwili haijaisha. Wakati huo huo chama chake kilikuwa na mkataba na Benki ya Dunia wa kupanda miti kwenye hekta 2,000 hivi za Aberdare na Mlima Kenya, vikundi vipande, benki inunue hewa ukaa itakayonyonywa na miti. Wapo waliomlaumu, wakasema anawapa matajiri ruhusa ya kuendelea kuchafua kwa kununua usafi wetu. Mimi lawama hiyo naielewa. Ila naona kuwa mama anayepanda hawezi kungoja tajiri atubu ndipo alipwe jasho lake.

Septemba 2009 wakuu wa nchi walikutana New York kujiandaa na mkutano wa Copenhagen, na yeye ndiye aliyesema mbele yao kwa niaba ya vyama vya kiraia. Desemba wakaenda Copenhagen. Huko, ndugu zangu, ndiko ilikoonekana wazi kwamba mgeni mwalikwa ni mgeni. Watu zaidi ya 40,000 walijiandikisha na ukumbi ulibeba 15,000. Vyama vilipanga foleni masaa mengi kwenye baridi kali, na siku za mwisho, walipofika marais, vyama vikafungiwa nje isipokuwa watu wachache sana. Katika siku hizo hizo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alimtangaza Wangari kuwa Mjumbe wa Amani, mwenye jukumu la mazingira na tabianchi. Heshima ikatolewa, mlango ukafungwa. Maelewano ya mwisho yalipikwa na nchi chache usiku, mkutano wote haukuyapitisha, uliyapokea tu. Ndani yake iliwekwa ahadi ya dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 kwa ajili ya nchi maskini, na ahadi hiyo ilichelewa kutimia.

Mwaka uliofuata, Cancun, Mexico, yakapatikana mambo ambayo vyama vilikuwa vimeyapigania muda mrefu. Fedha za kulinda misitu ziliwekewa masharti ya kuheshimu haki na ujuzi wa wenyeji wa misitu hiyo, na wanawake wakatajwa mahali kadhaa. Nikilinganisha na ule mkataba wa Rio usio na neno mwanamke, naona miaka 18 imetumika kuingiza neno moja. Gesi zenyewe hazikupungua. Kwa hiyo mwanachama aliyeuliza, nakujibu hivi: vyama vimepata maneno, vimepata viti, vimepata masharti juu ya fedha. Moshi wa wakubwa havijauweza.

Mama Wangari mwaka ule hakuwa mzima. Aliugua saratani ya mfuko wa mayai, akaitibu kimya kimya, akafariki hospitalini Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 akiwa na umri wa miaka 71. Alikuwa ameacha wosia kwamba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji. Tarehe 8 Oktoba serikali ya Kenya ilimfanyia maziko ya kitaifa, na ibada ikafanyika Uhuru Park, kwenye bustani ile ile, kisha mwili wake ukachomwa Kariokor kama alivyotaka. Najua baadhi yenu jambo la kuchomwa linawashtua. Wakikuyu wengi nao liliwashtua.

Vitu viwili vilitokea mwisho wa mwaka huo hakuviona. Kundi la vyama vya wanawake, ambalo WEDO ni mmoja wa waanzilishi wake, lilikuwa limekubaliwa kwa majaribio mwaka 2009 kwenye mazungumzo ya tabianchi. Mwaka 2011 likakubaliwa moja kwa moja, na tangu hapo lina nafasi yake ya kusema kama wanavyosema wafanyabiashara na wakulima. Anayesema pale kwa niaba ya mbeba kuni, kama wapo, ni hao. Vikundi vya namna yetu vinaweza kuwafikia kupitia mashirika ya akina mama yaliyojiandikisha.

La pili ni kuhusu ile kampeni ya miti. Kwenye mkutano wa Durban, Afrika Kusini, Desemba 2011, UNEP iliikabidhi kwa shirika la watoto, Plant-for-the-Planet, lililoanzishwa na mtoto wa Kijerumani, Felix Finkbeiner, aliyekuwa na miaka tisa aliposoma habari za Wangari na kuanza kupanda. Wakati wa kukabidhiwa, hesabu ilikuwa zaidi ya miti bilioni 12 duniani. Hesabu hiyo mimi naitilia shaka kidogo, kwa sababu kila mtu aliandika mwenyewe alichopanda na hapakuwa na mtu wa kupita kukagua. Ile ya akina mama wa Green Belt, waliolipwa kwa mti uliopona, ilikuwa zaidi ya milioni 30 alipopewa Nobel, na chama chenyewe sasa kinasema imepita milioni 51. Binti yake Wanjira alikuja kushika uenyekiti wa bodi.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu mtaletewa hoja ya kutenga sehemu ya mfuko wa jamii kwa kitalu juu ya chanzo chetu cha maji. Hoja ni ya wanachama wanne, si yangu. Ikipita, kamati imeshachora daftari lenye safu tatu: iliyooteshwa, iliyopandwa, na iliyo hai baada ya kiangazi.